Mshumaa katika Nyumba za Ngara na Biharamulo

Nta ya nyuki ilikuwapo katika misitu ya Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, zamani sana kabla mshumaa haujaonekana huko. Sehemu kubwa ya Biharamulo ni nchi ya miombo, miti inayochanua na kuwalisha nyuki, na warina asali walitundika juu yake mizinga ya magogo na ya magome. Walichotafuta ni asali: ya kula, ya dawa, na hasa ya pombe. Masega yakishakamuliwa, nta ilibaki kama makapi. Kidogo kilitumika kuziba nyufa za vyombo na kupaka ngozi ya ngoma, kilichozidi kilitupwa.

Ni haki kuuliza kwa nini watu waliokuwa na nta nyingi namna hiyo hawakuifanya taa. Jibu la kwanza liko kwenye utambi. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo juu, nta iliyoyeyuka hupanda kwa kufuata nyuzi za utambi, hugeuka mvuke, na mvuke huo ndio unaowaka. Pasipo uzi mwembamba wa pamba uliosokotwa vizuri, donge la nta huungua ovyo, hutoa moshi na kumwagika. Uzi huo haukuwapo. Mavazi yalikuwa ya ngozi na ya magome ya miti, na nguo ya pamba ilifika kwa misafara. John Hanning Speke na James Grant walipopita mwaka 1861 katika nchi waliyoiita Usui, yaani Rusubi ya sasa ya Biharamulo, mtawala wake Suwarora aliwatoza hongo ya nguo, shanga na nyaya. Nguo iliyolipwa kama ushuru wa kifalme haikuwa kitu cha kuchanwa ili kisokotwe utambi.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo linaeleza kwa nini hata baadaye mshumaa haukupata nafasi kubwa haraka. Nyumba za Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi huko Ngara, na za Wasubi wa Biharamulo, zilikuwa misonge ya nyasi, na ndani yake moto ulikaa kati ya mafiga. Moto huo ulipika, ulitia joto katika vilima ambavyo usiku wake ni baridi, ulikausha nafaka na kuni zilizopangwa darini, na moshi wake ulifukuza wadudu na kuzuia mchwa wasile nyasi za paa. Mwanga ulikuja pamoja na hayo yote, bila kuugharimia peke yake. Usiku moto ulifukiwa majivuni ili makaa yawepo alfajiri. Ukizimika, mtoto alitumwa kwa jirani kuomba kaa, au moto ulipekechwa upya kwa ulindi na uwimbombo. Aliyetaka kutoka nje alifunga kienge cha nyasi kavu au matete, akakiwasha na kukipunga njiani. Taa ya kuangaza tu, isiyopika wala kutia joto, haikuwa na kazi ambayo moto wa mafiga haukuifanya. Watu walisimulia hadithi, walisuka na walikula kwa mwanga huo, na hakuna aliyehitaji kusoma.

Kazi ya kusoma ilikuja na misheni. Mapadre Weupe walifungua kituo cha Ushirombo, kusini mwa Biharamulo, mwaka 1891, na kile cha Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Nchi ya kati ya vituo hivyo viwili ni hii inayozungumzwa hapa, na makatekista walipita humo wakitoka pande zote mbili. Palipokuwa na altare palikuwa na mshumaa, kwa kuwa sheria za Kanisa Katoliki zilitaka Misa iadhimishwe mbele ya mishumaa iliyowashwa. Tena si mshumaa wowote. Amri ya Roma ya mwaka 1904 ilisisitiza kwamba Mshumaa wa Pasaka na mishumaa miwili ya Misa iwe, kwa sehemu yake kubwa, ya nta ya nyuki. Ulaya, mapadre wengi waliona ugumu wa kutimiza agizo hilo kwa sababu nta halisi ilikuwa ghali. Katika miombo ya Unyamwezi na Biharamulo nta ilipatikana kwa warina asali, na katika misheni makapi ya masega yakapata thamani mpya.

Utengenezaji wake si mgumu, ila unataka subira. Masega yaliyokamuliwa huoshwa, hutiwa ndani ya gunia au kitambaa kigumu, huchemshwa kwenye maji, na gunia hukandamizwa hadi nta ielee juu huku vifukofuko vya majana na uchafu vikibaki ndani. Ikipoa, nta hushika na kuwa bonge la manjano linaloweza kuinuliwa zima. Nta hiyo huyeyuka kati ya nyuzi joto 62 na 64 za Selsiasi. Atakaye mshumaa huchovya utambi ndani ya nta iliyoyeyuka, huutoa, huuacha upoe na kuuchovya tena, mara nyingi, kila safari ukinenepa kidogo. Njia nyingine ni kumimina nta kwenye kalibu, ingawa nta ya nyuki hung'ang'ania kalibu kuliko nta nyingine, ndiyo maana watengenezaji wengi walipendelea kuchovya.

Njia ya pili ya mshumaa kuingia ilikuwa boma. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, na jengo lake bado lipo mjini. Ofisa na karani waliandika usiku, walihesabu kodi, walisoma barua. Taa ya mafuta na kinara cha mshumaa vilikuwa mali ya kawaida ya safari na ya ofisi. Kwa mwananchi aliyekuja bomani kulipa kodi au kusikilizwa kesi, mwanga usio na kuni ulikuwa alama ya serikali, kama ulivyokuwa kanisani alama ya ibada. Haukuwa bado kitu cha nyumbani kwake.

Wakati huohuo nta yenyewe iliondoka nchini. Afrika Mashariki ya Wajerumani iliuza nta nyingi nje, na soko lake kubwa la bara lilikuwa Tabora, hasa baada ya reli ya kati kufika huko mwaka 1912. Mabonge ya nta yalisafiri hadi pwani, yakapakiwa melini, yakaishia kwenye mishumaa ya makanisa ya Ulaya, dawa za kung'arisha samani na vipodozi. Kilichorudi badala yake kilikuwa mishumaa ya aina nyingine kabisa. Mwaka 1825 Wafaransa Michel Eugène Chevreul na Joseph Louis Gay-Lussac walipata hataza ya kutengeneza mishumaa kwa stearini, asidi ngumu itokanayo na mafuta ya wanyama. Mwaka 1850 Mskoti James Young alipata hataza ya kukamua mafuta ya parafini kutoka kwenye makaa ya mawe, na baada ya visima vya mafuta ya petroli kuchimbwa, nta ya parafini ikawa rahisi kuliko nyingine zote. Mshumaa mweupe uliouzwa madukani Bukoba na Mwanza ulikuwa wa parafini iliyochanganywa na stearini kidogo ili usipinde kwa joto. Hivyo nchi yenye nyuki ilipeleka nje nta bora na kununua mshumaa wa petroli. Huo ni msiba mdogo wa kiuchumi, na haukuwa wa lazima, kwani ujuzi wa kuchovya mshumaa ulikuwapo katika misheni. Kilichokosekana ni mtu wa kuupeleka ujuzi huo vijijini na kumwambia mrina asali kwamba kilicho mkononi mwake ni taa.

Vita Kuu ya Kwanza ilithibitisha kwamba jambo hilo liliwezekana. Meli za Uingereza zilipoizingira pwani kuanzia 1914, bidhaa za Ulaya zilikauka, na koloni likalazimika kujitengenezea sabuni, dawa, nguo na mishumaa. Mishumaa ya nta ya nyuki wa nchini iliwaka kwenye makambi na maofisi. Haikudumu. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia kutoka upande wa Rwanda na Urundi na kuitwaa Biharamulo, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora, na vita vilipokwisha bidhaa za melini zilirudi kama zamani.

Chini ya Waingereza, Bugufi, ambayo wakati wa Wajerumani ilihesabiwa upande wa Urundi, iliingizwa Tanganyika, na wilaya hizi mbili zikashika sura inayokaribia ile ya leo. Bidhaa zilifika kwa njia ndefu. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na kutoka hapo meli za Ziwa Viktoria zilizipeleka Bukoba, Mwanza na bandari ndogo ya Nyamirembe, iliyokuwa mlango wa Biharamulo ziwani. Tawi la reli kutoka Tabora lilifika Mwanza mwaka 1928. Kutoka ziwani mizigo ilibebwa vichwani, kisha kwa malori, hadi kwenye maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu. Humo mshumaa ulikaa rafu moja na chumvi, kiberiti, sabuni na madebe ya mafuta ya taa.

Hapo ndipo mshumaa ulipokutana na mshindani aliyeushinda. Mafuta ya taa yaliletwa katika madebe ya bati, na debe tupu lenyewe lilikuwa mali. Mafundi wa bati walilikata, wakaliunga kwa risasi, wakatengeneza vibatari: kikopo kidogo, mfuniko wenye bomba jembamba katikati, na utambi wa kitambaa au uzi. Kibatari hakina kioo wala kirekebisho cha mwali. Hutoa moshi mweusi, huacha masizi puani na kwenye dari, na kikianguka hueneza moto. Hata hivyo kiliingia karibu kila nyumba, na sababu yake ni ya mfukoni. Mafuta yaliuzwa kwa kipimo kidogo kadiri mnunuzi alivyokuwa na senti. Mshumaa uliuzwa mzima, na ukishawashwa unakwisha: mshumaa wa kawaida hula gramu tano hadi nane za nta kwa saa, kwa hiyo mche wa gramu 30 huisha kwa saa tano hivi. Kwa mwanga, viwili hivi havikutofautiana sana. Mshumaa mmoja hutoa lumeni 12 hivi, na kibatari hutoa kidogo zaidi au kidogo pungufu kulingana na utambi. Aliyekuwa na uwezo zaidi alinunua taa ya chemli, yenye kioo na mpini, isiyozimwa na upepo. Karabai, taa ya mafuta ya kupampu yenye mwanga mkali, ilikuwa ya mahoteli, maduka, sherehe na nyumba za wakubwa.

Fedha za kununulia mwanga zilitoka kwenye kahawa na kwenye safari. Bugufi ilipanda kahawa, na msimu wa mauzo ulikuwa pia msimu wa kununua taa. Vijana wengi wa Ngara walikwenda Buganda kulima mashamba ya watu kwa ujira, na waliporudi walileta nguo, baiskeli na vyombo vya nyumbani. Taa ya chemli juu ya meza ilieleza kwamba mwenye nyumba ametembea.

Mshumaa basi ulibaki wa nani? Kwanza wa mwalimu, katekista, mganga wa zahanati na karani. Watu hawa waliishi katika nyumba za pembe nne zenye vyumba, ambamo moto wa jikoni ulikuwa umetengwa na sebule. Badiliko hilo la ujenzi lina uzito kuliko linavyotajwa. Jiko lilipohamia nje, chumba cha kulala kilibaki gizani, na kwa mara ya kwanza mwanga ukawa hitaji lenye gharama yake. Mshumaa ulifaa chumbani: haunuki kama mafuta ya taa, haumwagiki, huchukuliwa mkononi kwenda kumtazama mtoto aliyelia au mgonjwa aliyeita. Mkunga aliyeitwa usiku aliutaka, kwa kuwa alihitaji mwanga karibu bila masizi. Na msafiri aliubeba katika mzigo wake bila kuogopa kwamba utalowanisha nguo.

Matumizi ya mshumaa nyumbani yakazaa adabu zake za kuweka akiba. Mche mmoja ulikatwa vipande viwili, kimoja cha leo na kimoja cha kesho. Vinara vya madini vilikuwa vichache, kwa hiyo mshumaa ulisimamishwa kwenye matone yake yenyewe juu ya kisahani au kifuniko cha kopo, au ulitiwa kwenye mdomo wa chupa. Nta iliyomwagika ilibanduliwa na kurudishwa juu, karibu na utambi. Vishina vilikusanywa vikayeyushwa upya na kumiminwa kwenye kikopo chenye utambi wa uzi. Utambi mrefu ulipunguzwa ili usitoe moshi wala kula nta kwa kasi. Mlango uliposhindikwa, mkono uliukinga mwali. Kaya iliyozoea mshumaa ilijua mambo haya bila kufundishwa, nayo yalifanya mche mmoja ufike mbali kuliko ulivyokusudiwa kiwandani.

Pili, mshumaa ulibaki wa sala. Jimbo Katoliki la Rulenge liliundwa mwaka 1960, makao yake yakiwa wilayani Ngara, na kuanzia 2008 linaitwa Rulenge-Ngara; Biharamulo imo ndani yake. Mtu mzima anapobatizwa hupewa mshumaa uliowashwa kutoka Mshumaa wa Pasaka. Mtoto hushikiwa na msimamizi wake. Tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, mishumaa hubarikiwa, na waumini hurudi nayo nyumbani. Mshumaa uliobarikiwa haukutumiwa kutafutia sindano iliyoanguka. Uliwekwa sandukuni hadi siku ya radi kali, ugonjwa mzito au kifo, na uliwashwa kando ya aliyekuwa akikata roho. Miaka ya 1970 jumuiya ndogondogo za Kikristo zilipoanza kuenea, sala ilihamia zaidi nyumbani. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, aliyeamini kwamba ujamaa wa Nyerere na maisha ya Kikristo vinakutana, alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Katika jumuiya hizo mshumaa uliwekwa mezani pamoja na msalaba na Biblia, nyumba hii wiki hii, nyumba ile wiki ijayo. Kwa Waanglikana wa Murgwanza na vituo vyao, ambao vikundi vyao vya uamsho vilikesha wakisali na kuimba, taa ilikuwa ya kusomea zaidi kuliko ya ishara.

Warina asali nao hawakusahauliwa kabisa. Mwaka 1949 serikali ya Tanganyika ilianzisha idara ya ufugaji nyuki, ikihimiza usafi wa asali na nta. Lengo lilikuwa mauzo ya nje, na mafunzo yaliishia kwenye bonge la nta, hatua moja tu kabla ya mshumaa. Hatua hiyo ilichukuliwa baadaye na vikundi vichache vya ufugaji nyuki nchini, kwa soko dogo la makanisa na watalii.

Miaka ya 1970 mpango wa vijiji uliwahamisha watu wengi kutoka mashambani mwao hadi kwenye makazi ya pamoja. Kijiji kilileta shule, zahanati na duka la ushirika, na pamoja navyo haja ya mwanga wa jioni kwa mikutano na kisomo cha watu wazima. Bei ya mafuta duniani ilipanda mwaka 1973, kisha tena mwishoni mwa muongo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilipiganwa kaskazini, ng'ambo ya mto, lakini gharama zake zilifika Ngara na Biharamulo kwa njia ya rafu tupu. Hadi katikati ya miaka ya 1980 sabuni, sukari, chumvi, mafuta ya taa na mishumaa vilikuwa bidhaa adimu, vikigawiwa kupitia kampuni za biashara za mikoa na maduka ya vijiji. Msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983 uliwafanya wafanyabiashara waogope kuweka akiba. Wilaya za mpakani, zilizo mwisho wa barabara mbovu, zilipata mgao wao mwisho. Nyumba nyingi zilirudi kwenye moto wa mafiga, na mtoto wa shule alisoma akiwa ameegemea jikoni, akiongeza vijiti kila mwali ulipofifia. Aliyekuwa na mshumaa aliuficha kwa ajili ya msiba au uzazi.

Kisha ikaja Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 mwezi huo takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi, wakikimbia vita na mauaji ya kimbari, na miongoni mwao wakiwamo pia waliohusika na mauaji hayo. Kambi ya Benaco, iliyopewa jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa mji mkubwa kwa siku chache, na baada yake zikafuata Lumasi, Musuhura, Lukole na nyingine. Mji huo haukuwa na umeme kwa wakazi wake. Mwanga wa usiku ulikuwa moto wa kuni, na kambi za Kagera zilikadiriwa kuteketeza tani 1,200 za kuni kwa siku. Vilima vilivyozunguka vilibaki na visiki. Makopo ya mafuta ya kula ya msaada yalifanywa vibatari na mafundi wa kambini, na masoko ya wakimbizi yaliuza mafuta ya taa, betri na mishumaa kwa rejareja. Ndani ya hema la plastiki, kila mwali ulikuwa hatari: turubai huyeyuka, huanguka juu ya mwenye kulala, na jirani yuko hatua mbili. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirudishwa Desemba 1996. Warundi waliendelea kukaa Lukole kwa miaka zaidi. Wenyeji walibaki na barabara zilizoboreshwa, masoko yaliyozoea bidhaa za rejareja, na misitu iliyokatwa. Kuni za kuangazia zikawa mbali, na hilo liliisukuma kaya kuelekea dukani.

Biashara ilikuwa imefunguliwa tayari. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mishumaa ya viwanda vya Dar es Salaam, ya Kenya, na baadaye ya China, ilijaa hata kwenye vibanda vya vitongojini, ikiuzwa kwa pakiti au kwa mche. Kwa mara ya kwanza mkulima wa kawaida aliweza kuwa na mshumaa ndani mwaka mzima. Vikundi vya akina mama vilifundishwa kuyeyusha parafini na kuimimina kwenye kalibu za madini, utambi ukiwa umevutwa katikati, na kuuza walichotengeneza kwa majirani. Mtaji wake ni mdogo, ila malighafi huagizwa kutoka nje, kwa hiyo faida hupanda na kushuka na thamani ya shilingi.

Mtumiaji mkubwa mpya alikuwa mwanafunzi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza 2004 ulijenga shule za kata kila mahali, na vijana waliopanga vyumba karibu na shule, wakiishi wenyewe bila wazazi, walihitaji mwanga wa kujisomea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 Ngara na 323,486 Biharamulo, wengi wao watoto na vijana, na wengi wao wasio na umeme nyumbani. Pakiti ya mishumaa iliingia kwenye orodha ya mahitaji pamoja na ndoo, shuka na daftari. Hatari yake ilijulikana nchi nzima Agosti 2009, moto ulipoteketeza bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, Iringa, na kuua wanafunzi 12. Iliripotiwa kwamba chanzo kilikuwa mshumaa wa kusomea. Tangu hapo shule nyingi zilipiga marufuku mshumaa bwenini. Katazo hilo lilikuwa sahihi, lakini pasipo taa mbadala lilimwacha mtoto achague kati ya kufeli na kuvunja sheria akiwa amejifunika shuka, na mshumaa chini ya shuka ni mbaya kuliko mshumaa juu ya meza. Kinga iliyo rahisi inajulikana: mshumaa usimame kwenye kinara kizito au kisahani chenye mchanga, mbali na chandarua, pazia na karatasi, na uzimwe kabla mtu hajalala. Chandarua ndicho cha kuogopwa zaidi katika wilaya hizi zenye malaria, kwa kuwa kila kitanda kinacho, na nyuzi zake hushika moto upesi.

Kibatari kilipata pigo mwaka 2011. Ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa, serikali iliongeza ushuru wa mafuta ya taa hadi bei yake ikakaribiana na ya dizeli. Kusudi lilikuwa kulinda magari. Walioumia ni wenye vibatari. Kaya zikageukia mshumaa, na zaidi tochi za Kichina za taa za LED, zilizokuwa zimeanza kushuka bei. Taa ndogo za sola zikafuata, kisha mifumo midogo ya paneli, betri na balbu tatu au nne inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Balbu ya LED ya wati tano hutoa lumeni 400 hivi, sawa na mishumaa zaidi ya thelathini. Kwa hesabu hiyo mshumaa hauwezi tena kushindana kama taa ya kila siku, na haupaswi.

Umeme wa TANESCO ulikuwapo katika miji ya Ngara na Biharamulo kabla ya hapo, lakini kwa majenereta ya dizeli yaliyojitenga na gridi ya taifa, yenye saa chache na hitilafu nyingi. Mradi uliosaidiwa na Uholanzi ulizipatia Ngara, Biharamulo na Mpanda majenereta mapya yenye jumla ya megawati 7.5. Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya 2005, ulipeleka nguzo vijijini awamu kwa awamu. Kituo kikubwa cha kupozea umeme kilijengwa Nyakanazi, wilayani Biharamulo, na mwishoni mwa 2023 mitambo ya maporomoko ya Rusumo, ya megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, ilianza kuzalisha. Umeme wa upande wa Tanzania husafirishwa hadi Nyakanazi, ukivuka vilima ambavyo miaka thelathini nyuma vilikatwa kuni za Benaco.

Matumizi ya mshumaa yaliyobaki ni ya aina mbili. Nyumba iliyounganishwa na umeme huuweka kwa ajili ya kukatika kwake, kama ilivyokuwa wakati wa mgao wa umeme wa nchi nzima mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, pakiti zilipouzwa haraka. Nyumba ya sola huutumia katika miezi ya mvua, hasa Machi hadi Mei, mawingu yanapozuia betri kujaa na mwanga unapoisha kabla ya saa tatu usiku. Nje ya dharura hizo, mshumaa huwashwa kwa hiari kwenye sala ya jumuiya, ubatizo, mkesha wa Pasaka, kando ya jeneza na juu ya keki ya siku ya kuzaliwa. Wauzaji wa rejareja hununua katoni chache kwa mwaka, na huziongeza kabla ya Pasaka na mvua zinapokaribia.